Sura ya Nne: Nyumba Yenye Haina Plafond

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe 14 mwezi wa sita, mwaka wa 2025. Siku hiyo Delphin, muuza vyuma vya pikipiki, mtu wa miaka thelathini mwenye kubeba mota peke yake, alitoka nyumbani kwake mtaa wa Bigo, Bunia, baada ya saa ya chakula cha mchana, akaenda kwa mwanamke anayeitwa Françoise. Jioni alirudi juu ya moto, pikipiki ya taxi, akashuka, akaanguka mbele ya mlango wa bibi yake Arlette. Asubuhi alikuwa maiti. Na kabla misa ya Jumapili haijaisha, mtaa wote ulikuwa umekata kesi: Françoise amemtia sumu kwa wivu, kwa sababu Delphin alimwoa Arlette na hakumwoa yeye.

Vijana waling'oa mabati ya nyumba ya Françoise. Polisi wakafika mwisho kama kawaida, wakamfungia yeye Françoise buloko, mahabusu yao, wakasema wanamlinda. Ulinzi wa wakubwa wetu ndio huo: mwenye kushika jiwe anabaki inje, mwenye kutupiwa jiwe anafungwa.

Jumatatu asubuhi Komanda wa polisi alimwita Athanase, OPJ wake, yaani polisi wa kuuliza watu na kuandika kesi. Juu ya meza kulikuwa na pakiti ya dawa ya panya.

"Unaona? Imetoka kwa Françoise. Kesi imeisha. Jeep ikirudi, tunamupeleka parquet, wamushitaki kule."

"Jeep iko wapi, Komanda?"

"Imeenda kutafuta mafuta."

Athanase aligeuza pakiti mkononi. "Hii haijafunguliwa, Komanda."

"Alinunua mbili."

"Ya pili iko wapi?"

"Weye na maulizo yako! Sikia kelele ile kwenye portail, watu wamejaa langoni. Nikimupeleka parquet, watatulia. Nikimuachilia, watamuchoma. Unataka tumupeleke, ama tumuzike?"

"Unipe mpaka jeep irudi."

Komanda alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Basi uko na siku muzima."

Athanase hakucheka. Jeep ile haikukosa mafuta siku ya harusi ya shemeji wa Komanda. Ila miaka miwili nyuma, Patience, mke wa Athanase, alipokatika pumzi nyumbani usiku, jeep ilikuwa pia imeenda kutafuta mafuta. Alimbeba kwa mgongo wa pikipiki, na walipofika lopitali alikuwa amebeba mwili tu.

Alikwenda kwa matanga ya Delphin kwa miguu.

Bâche, turubai la matanga, ilijaa watu. Familia ilikuwa imechapisha sura ya Delphin juu ya fulana, na kila upande Delphin alikuwa anacheka juu ya kifua cha mtu. Athanase alihesabu viti: vyote vilikuwa na mtu. Kwa matanga ya Patience viti viliazimwa na vingine vilirudi bila kukaliwa. Alimwonea wivu maiti, akaona haya, akaendelea kumwonea.

Arlette, mjane, alikuwa chini juu ya godoro, kitambaa kichwani, macho makavu na mekundu.

"Papa OPJ, unatafuta nini huku? Si mumekwisha kumushika ule ndumba, ule malaya?"

"Pole sana, mama. Ni maulizo kidogo tu. Jumamosi Delphin alitoka hapa namna gani?"

"Muzima. Alikula, aliniaga, akaenda."

"Alisema anaenda wapi?"

"Mwanaume anaambiaka bibi yake kama anaenda deuxième bureau, kwa mwanamke wa pembeni? Kila Jumamosi, kisha kula, anavaa shati safi, anaenda. Na akirudi macho iko safi, anaimba! Miye niko hapa ninasonga bugali, yeye ananiimbia furaha ya kule."

Mashangazi waliomzunguka waliguna. Mmoja alisema kwa sauti kwamba wanawake wa namna ile dawa yao ni petroli.

"Na Jumamosi alirudi namna gani?"

"Alirudi kufa. Mukono huu," akagusa wake wa kuume, "ulikuwa unaning'inia kama nguo ya maji. Mudomo ulienda upande. Nikamuuliza: amekupa nini? Ulimi ukakataa. Njo ujue sumu ya wivu: inafunga kinywa cha mutu asimutaje mwenye kumupa."

"Na mukono ule mwingine?"

Arlette aligusa kifundo cha mkono wake. "Ule ulikuwa na nguvu. Alinishika nao, hakutaka kuachilia."

Athanase aliomba kuona chumba chao. Aliona bawaba mbili za mlango ukutani, bila mlango. Kitanda kilikuwa kimegeuzwa kutazama sebule na njia ya kutokea. Chini yake viatu vya Delphin vilikuwa pale, kamba zimefungwa tayari.

"Mulango?"

"Aliutosha mwenyewe, akauweka inje. Alisema ukifungwa, hatasikia mwenye kuingia."

"Na hivi viatu?"

"Alikuwa analalaka navyo. Yaani, kulala gani? Miaka sita niko naye, usiku anakaa juu ya kitanda kama mutu anangoja bus. Siku moja nilimugusa bega, akanirusha mupaka ukutani, kisha akalia yeye. Mwanaume muzima!" Akashusha sauti. "Nilijua iko anamuwaza ule wa kule."

Katika kiwanja cha nyuma beseni lilikuwa limegeuzwa juani. Ukingo wake ulikuwa na utando wa majani ya kijani uliokauka.

"Tulipikiaka sombe, majani ya muhogo," Arlette alisema, na hakuna mtu alikuwa amemuuliza.

Athanase alikwangua kidogo na ukucha, akaweka kwa ulimi. Uchungu ulimpanda mpaka kwenye meno. Alishukuru, akaaga, na njiani akatema mate mara kwa mara.

Nyumba ya Françoise ilikuwa mwisho wa mtaa. Nusu ya mabati haikuwako, na jua lilishuka mpaka chini. Athanase aliangalia juu pale mabati yalipobakia. Aliona miti na kenchi tupu. Misumari ya zamani ilikuwa bado imeshika vipande vya plafond, yaani dari, vilivyochanika.

"Unaangalia plafond?" Jirani, Mama Mbambu, alikuwa ameegemea ua. "Aliivunja yeye mwenyewe siku ile aliingia. Tulimucheka! Watu wanatafuta pesa ya kuweka plafond, yeye anaitosha. Alisema hapendi kitu yenye kuficha mutu juu ya kichwa yake."

"Mama Mbambu, Jumamosi ulimuona Delphin?"

"Nani hakumuona? Alipita hapa amejikunja, anashika kichwa na mikono mbili, shati yote matapishi. Nikasema moyoni: leo mapenzi imemulemea kabla ya kufika."

"Kabla ya kufika? Alitapika mbele ya kuingia kwa Françoise?"

"Mbele, papa. Hapa, kwa njia."

"Mbona hukuambia polisi hii?"

"Waliniuliza kama nilimuona Delphin anaingia. Nikasema ndiyo. Wakaandika, wakaenda. Miye niwafundishe kazi?"

Athanase aliingia. Vijana walikuwa wamebeba redio, sufuria, godoro, mpaka mapazia. Vitu viwili tu havikuguswa. Cha kwanza ni mikeka miwili, mmoja kuume kwa mlango na mwingine kushoto, imelazwa kama ya walinzi. Cha pili ni meza na kikombe juu yake. Kikombe kilikuwa cha chai ya maziwa, kimejaa, utando umeganda juu. Wezi wote wa Bigo walikiogopa: hicho, walisema, ndicho kikombe cha sumu.

Athanase aliinama. Chai ilikuwa imepungua kwa kiasi cha tama moja, si zaidi. Na alijua tama hiyo ni ya nani. Huku kwetu mwenye kukaribisha anaonja kwanza mbele ya mgeni, mgeni ndipo anapokea. Françoise alionja, mgeni hakunywa. Sumu gani inamuua mtu asiyeinywa na kumwacha mzima aliyeionja?

Nyuma ya nyumba, shati la mwanaume lilikuwa bado juu ya kamba. Hilo nalo waliliogopa, shati la maiti. Lilikuwa limefuliwa haraka, na ndani ya kola utando wa kijani ulikuwa umebaki. Athanase alilinusa, akalikunja, akalitia ndani ya koti.

Kavira, muuguzi wa centre de santé, zahanati ya mtaa, alikuwa anavua glavu Athanase alipomwekea shati mezani. Alinusa mara moja tu.

"Dawa ya kutapisha. Muzee Hippolyte wa sokoni anapatianaka hii kwa wenye kuwaza wamekula sumu. Inakamua tumbo siku muzima."

"Alikuwa nayo kwa shati mbele ya kufika kwa Françoise."

"Basi mwenye kumupa si Françoise."

"Na mudomo wenye kwenda upande moja? Mukono moja umekufa, mwingine una nguvu?"

"Ile hata kama ungeniambia kwa telefone ningesema AVC, kiharusi. Mushipa ya kichwa imepasuka. Sumu haichaguake upande." Kavira alikaa. "Delphin nilimujua. Tension yake, presha ya damu, ilikuwa ya muzee, na alikuwa hajafika hata miaka makumi mbili na tano. Nilimupa vidonge. Akakunywa mwezi moja, akanirudishia. Unajua alisema nini? 'Dada Kavira, hii inanilaza usingizi muzito. Wakikuja, sitasikia.'"

"Nani wakikuja?"

"Hivyo njo nilimuuliza. Akacheka, akabadilisha mazungumuzo." Alipiga meza polepole na kidole. "Sikia, Papa OPJ. Mutoto mwenye aliogopeshwa sana, na hakuna mukubwa alimushika mukono kisha, mwili wake unabakia kwa zamu ya kulinda. Mutu anakuwa mukubwa, anaoa, anauza vyuma, lakini ndani kuna askari moja hajapata wa kumupokea. Moyo unapiga mbio usiku na muchana. Mishipa inachoka. Wengine inashika tumbo, wengine sukari, wengine wanaingia pombe. Siwezi kuapa juu ya mutu moja, hata daktari hawezi. Lakini wenye walikuwa watoto hapa Bunia mwaka ule wa vita, 2003, ninawapima kila siku. Wanakuja na mwili wa babu zao. Na wakubwa wanatuletea nini? Vyandarua na affiche za kubandika ukutani."

Athanase alishika kofia yake, akaiachilia.

"Na mutu mwenye anaamkaka usiku, anaenda kukaa kwa mulango peke yake? Bwana yake anawaza iko anangojea mwanaume."

Kavira alimwangalia. "Ule mutu alikuwa na miaka ngapi, 2003?"

Athanase alivaa kofia yake. Alisema tu: "Beba mashini yako ya kupima. Twende."

Buloko ilikuwa chumba bila dirisha. Françoise alikuwa amekaa uso kwa mlango, mgongo kwa ukuta. Mwanamke wa miaka thelathini na mbili, lakini midomo yake ilikuwa mikavu kama ya mgonjwa wa siku nyingi.

"Mama Françoise, unielezee. Delphin alikuwa anakuja kufanya nini kwako kila Jumamosi?"

"Kupata usingizi."

Polisi mlinzi alicheka puani. "Siye wote tunaendaka kupata usingizi namna hiyo."

"Funga kinywa, weye," Athanase alimwambia, "ama nitakupa zamu mupaka Pasaka." Akamgeukia Françoise. "Usingizi wa namna gani?"

"Wa kweli. Anafika, anavua viatu, analala juu ya mukeka, miye ninakaa kwa kiti ninaangalia njia. Akishiba, anaamka, miye ninalala, yeye anaangalia njia. Kisha anaenda kwake. Hiyo njo yote."

"Tangu lini?"

Hapo Françoise aliangalia juu, kwa saruji ya buloko, kama anahakikisha iko saruji kweli.

"Tangu mwezi wa tano, 2003. Tulikuwa majirani. Miye nilikuwa na miaka kumi, yeye munane. Vita ilipofika kwa avenue yetu, mama yake alitupandisha ndani ya plafond. Akasema, musitoe sauti mupaka nirudi kuwaita. Wenye bunduki wakaingia chini yetu. Wakakaa. Wakapika unga wa mama yake, tukasikia wanacheka. Delphin alikuwa anaota kwa sauti. Kila akianza, ninamuziba kinywa. Kisha tukapatana: moja analala, moja analinda. Siku ngapi, sijui. Mama yake hakurudi kutuita. Tuliposhuka, tulimuruka kwa mulango, maiti."

Mlinzi aliyecheka alikuwa ameangalia chini.

"Na ulimupenda?" Athanase aliuliza. Swali hilo halikuwa la kesi.

"Wivu nilikuwa nayo, sitakudanganya. Arlette alipata harusi, alipata jina, alipata yeye kwa meza. Miye nilipata usingizi yake tu. Jumamosi moja moja." Alifuta uso. "Ile ya mwisho alifika anasema kichwa inapasuka. Nilimufulia shati, nikamupa ingine ya kaka yangu. Nikaonja chai mbele yake, akakataa, akasema alale kwanza. Aliamka mukono hausikii. Nikasema twende lopitali. Akasema, 'Hapana, Arlette atasema nini?' Nikamuitia moto ya taxi. Ningemulazimisha, Papa OPJ. Sasa ninawaza hivyo."

Kavira alikuwa amemfunga kitambaa cha mashini mkononi. Mashini ililia, akaangalia namba, akapima tena mkono wa pili. Hakusema namba. Alimwonyesha Athanase kioo, na Athanase, asiyejua kusoma tension, aliisoma kwa sura ya muuguzi.

"Tukimulaza hapa usiku wa leo," Kavira alisema kwa sauti ya chini, "parquet watakosa mutu wa kuuliza."

Athanase alituma polisi amlete Arlette, kwa mlango wa nyuma. Alimweka kwa ofisi, Kavira naye akiwapo, akatandika shati mezani mbele yake. Kola juu.

"Sombe, mama?"

Arlette aliangalia shati. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyekutwa na deni mbele ya watu.

"Alitoka kwako mugonjwa," Athanase alisema. "Jirani alimuona anatapika kwa njia. Kikombe ya Françoise iko imejaa mupaka leo. Na beseni yako nimeilamba."

"Aliamka asubuhi anashika kichwa." Sauti ilitoka kidogo kidogo. "Nikajua ni yule. Nikasema, amemupa Jumamosi ya nyuma, sasa inaanza kutumika. Nikakimbia kwa Muzee Hippolyte. Akanipa majani, akasema akamuliwe mupaka itoke yote. Nilitaka kutosha mukono ya ule mwanamke ndani ya tumbo ya bwana yangu. Alitapika mupaka saa sita. Kisha, na ugonjwa wote huo, anavaa shati! Anaenda kwake! Jioni aliporudi, nikamupa tena, mbele ya kumupeleka lopitali. Nikasema sasa amemuongezea."

"Mama Arlette," Kavira alisema, "yeye mushipa yake ilikuwa inachoka tangu zamani. Pengine angekufa hata bila majani. Lakini asubuhi ile lopitali ilikuwa karibu."

Arlette hakuonekana kumsikia. "Alikuwa anafanya nini kule?"

Athanase alimwambia yote: plafond, mama kwa mlango, mikeka miwili, kiti. Alisema kwa maneno mafupi kama anasoma kesi. Arlette alisikiliza mpaka neno la usingizi. Hapo alisimama.

"Alikuwa analala? Kabisa? Macho imefungwa?"

"Viatu amevua, amesema."

"Viatu amevua!" Alipiga meza na viganja. "Kama walikuwa wanafanya ile mambo yenye watu wote wanawaza, ningesamehe. Ningelia, ningesamehe. Lakini usingizi? Miaka sita nimemutandikia shuka safi, nimemuimbia kama mutoto, amekataa kufunga hata jicho moja mbele yangu. Na alimupelekea yule! Hakuniambia hata neno. Alimwachia yule mambo yote ya ndani, miye nikabakia na fulana ya picha!"

Kavira alisogeza shati mbali na viganja vyake. Athanase aliangalia dirisha. Moyoni aliona tena mgongo wa Patience kwa mlango wa nyumba, kila usiku, na yeye mwenyewe kitandani, macho wazi, anahesabu majina ya wanaume.

Inje mota iliunguruma. Jeep ilikuwa imerudi. Komanda aliingia anafunga mkanda.

"Tunaenda. Mwanamke iko wapi?"

"Hakuna wa kupeleka, Komanda. Ni AVC. Niko na kikombe, shati, na mashahidi wawili."

"Na wale kwenye portail, watasoma kikombe yako? Wanataka mutu!"

"Kuna mutu moja tu watamusikia," Athanase alisema, akamwangalia Arlette. "Mama, ukinyamaza, wanamuchoma leo. Na wakati wanamuchoma, weye utakuwa unajua."

Arlette alisogea kwenye mlango, akarudi. Alifungua kitambaa cha kichwa, akakifunga tena kwa nguvu zaidi. Kisha alitoka, fulana ya bwana yake kifuani, akapita kiwanja cha polisi mpaka kwenye portail. Kelele zikapungua. Mashangazi walikuwa mbele, kidumu cha manjano cha petroli katikati yao.

"Rudini nyumbani," alisema. "Françoise hakumupa kitu. Delphin alitoka kwangu mugonjwa. Majani nilimupa miye."

Watu waliangaliana. Mmoja aliita kutoka nyuma: "Basi nani alimuua?" Mwingine akamfokea anyamaze. Shangazi mmoja aliketi chini pale pale, mikono juu ya kichwa. Kidumu kilivutwa nyuma polepole, mpaka kikapotea kati ya miguu.

Françoise alipita nyuma ya jeep, Kavira amemshika kiwiko, wanaelekea lopitali kwa miguu. Jeep ilibaki imesimama na mafuta yake, Komanda ndani. Yeye na Arlette walikutana kwenye nafasi ya portail, wakasimama, na mara ya kwanza Arlette aliona kwa karibu macho ya yule mwingine: macho ya Delphin, yale ya usiku, yenye kungoja bus.

Alimwacha apite. Kisha alimgeukia Athanase, aliyemfuata mpaka portail, akashika koti lake kwa mkono mmoja kama mtu anayezama, akauliza, na Athanase aliangalia Komanda, na Komanda aliangalia usukani:

"Papa OPJ, sasa miye nimuchukie nani?"